Jinsi Tulivyounda Pikapu Moja kwa Vyuma vya Magari Matatu

Na Mwanafunzi wa Kidato cha IV

Bwana Mhariri ameniomba nieleze katika gazeti letu la muhula habari za pikapu ambayo wenzangu wa bwenini wamekwisha kuchoka kuisikia. Nakubali kwa furaha, lakini kwanza nataka kuondoa dhana moja. Watu wengi hudhani ya kuwa kuunda motokaa kwa vyuma vya magari mabovu ni kazi ya kuokota hiki na kile, kuvifunga pamoja kwa bolti, kisha kupaka rangi. Hata mimi nilidhani hivyo. Kumbe sehemu kubwa ya kazi ni kukataa vyuma. Katika kila vitu kumi tulivyovishika mikononi, labda vinne ndivyo vilivyoingia garini. Na kimoja kisichostahili kuingia nilikiingiza mimi mwenyewe. Habari zake zitafuata.

Kwetu ni Tukuyu, wilaya ya Rungwe, mahali penye mvua karibu mwaka mzima. Babu yangu mzaa mama ana Land Rover pikapu ya mwaka 1965, aina iitwayo Series IIA, yenye inchi 109 kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, yaani karibu meta 2.77. Aliinunua mwaka 1979 ikiwa imekwisha kutumika katika mashamba ya chai, akabebea ndizi, viazi, wagonjwa, maharusi na majeneza. Mwaka 2009 bloku ya injini ilipasuka, nayo pikapu ikasukumwa hadi chini ya mparachichi nyuma ya nyumba. Wakati huo mimi nilikuwa mtoto mchanga. Sikupata kuiona ikitembea hata siku moja. Katika akili yangu lilikuwa ni banda la kuku la Bibi.

Mwaka jana mwezi wa Mei alikuja mnunuzi wa chuma chakavu akaahidi shilingi 700,000, kwa sababu bodi ya Land Rover ni alumini, nayo alumini ina bei. Wajomba zangu wawili wakubwa wakaona ni jambo jema. Babu hakusema kitu, ila jioni alitoka na taa akaenda kukaa ndani ya gari peke yake. Ndipo Mjomba mdogo, ambaye ni fundi na ana gereji ndogo karibu na stendi, akaomba apewe muda hadi mwisho wa Desemba. Ikiwa tarehe 31 Desemba gari halijatoka uani kwa miguu yake lenyewe, liuzwe. Wakapatana hivyo. Nami nikafanywa mwanagenzi wake kwa likizo mbili, ile ya Juni na ile ya Desemba.

Yafaa nieleze kwanza kwa nini kazi ya namna hii huwezekana kwa Land Rover za zamani, hali kwa motokaa nyingi za sasa ni vigumu. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Bwana Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa na Jeep ya kivita katika shamba lake kisiwani Anglesey, akatamani gari la mfano huo litakalofaa kazi za mkulima. Siku hizo, baada ya Vita Kuu ya Pili, chuma kiligawiwa kwa kipimo huko Uingereza, bali alumini ilipatikana kwa urahisi zaidi. Basi bodi ikafanywa ya alumini. Mashine kubwa za kukunja mabati nazo zilikuwa ghali, kwa hiyo chasisi, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa gari, iliundwa kwa vipande bapa vya chuma vilivyochomelewa pande nne hata vikawa kama sanduku refu jembamba. Madigadi, milango, boneti, paa na tela la nyuma, vyote vimefungwa kwa bolti. Ukiwa na spana na subira waweza kulichambua gari zima kama muhindi. Tena mabadiliko yalikuwa machache: Series II ilitoka mwaka 1958, Series IIA mwaka 1961, Series III mwaka 1971 hadi 1985, na mlango wa mwaka 1980 waingia katika gari la mwaka 1965.

Hilo ndilo jema lake. Ubaya wake Mwalimu wetu wa Kemia ataufurahia. Alumini na chuma vikigusana, na maji ya mvua yenye chumvi au tope yakapita katikati, hapo pamekwisha kuwa betri ndogo. Alumini ndiyo hutoa elektroni kwa urahisi kuliko chuma, kwa hiyo ndiyo inayoliwa, na alama yake ni unga mweupe kama wa muhogo kuzunguka kichwa cha kila bolti. Chasisi nayo huliwa kwa njia nyingine. Kwa kuwa ni sanduku lenye uwazi ndani, tope huingia kwa matundu madogo, likakaa humo na unyevu, na kutu ikaanza ndani ikitoka nje. Siku utakayoiona kwa macho, imekwisha kumaliza kazi yake.

Siku ya kwanza ya likizo ya Juni, Mjomba hakunipa spana. Alinipa nyundo ndogo na brashi ya waya, akaniambia nilale chini ya gari nigonge chasisi kila baada ya upana wa vidole vinne. Chuma kizima hulia, nyundo ikaruka mkononi. Chuma kilichooza husema kwa sauti ya mkebe uliojaa mchanga, na nyundo hutulia pale pale. Nilichora alama ya chaki kila mahali palipokuwa na sauti mbaya. Kutoka mbele hadi nyuma ya chumba cha dereva sikuchora hata mara kumi. Kuanzia hapo hadi mwisho, chaki iliisha. Ule mhimili wa mwisho unaoshika ndoano ya kuvutia tela niliutoboa kwa nyundo ile ile ndogo, na siafu wakatoka.

Hapo ndipo palipozuka ubishi wa kwanza. Fundi mmoja jirani alishauri tubandike mabati juu ya sehemu mbovu, tuchomelee pembeni, tupake rangi nyeusi. Kazi ya siku mbili. Mjomba alikataa. Alisema kiraka juu ya kutu ni kama plasta juu ya jipu, tena hapo ndipo springi za nyuma zinaposhikilia, na hapo ndipo uzito wote wa mzigo unapokaa. Kumbe kununua chasisi nyingine nzima tusingeweza, si kwa sababu ya fedha tu. Namba ya chasisi ya gari hili imegongwa mbele kwenye kishikio cha springi, upande wa kulia. Namba hiyo ndiyo iliyoandikwa katika kadi ya gari. Ukiiondoa, pikapu ya Babu haipo tena mbele ya sheria; utakuwa na gari la mtu mwingine lililovaa kofia ya Babu. Kwa hiyo tuliamua kubakiza sehemu ya mbele yenye namba, na kutafuta sehemu ya nyuma ya gari la aina ile ile.

Tuliipata Mbeya, katika uwanja wa magari yaliyopata ajali: Land Rover Series III ya mwaka 1976, nayo ya inchi 109, iliyokuwa imepinduka. Paa lilikuwa limebonyea kama sufuria la mkeka wa harusi lililokaliwa na ng'ombe, lakini chini lilikuwa safi kwa kuwa lilitumika sehemu kavu. Mwenyewe alituuzia kwa hati iliyoandikwa mbele ya mashahidi, na nakala ya kadi. Namsihi kila msomaji atakayejaribu kazi hii asinunue hata taa bila karatasi, maana vyuma vya wizi havina alama usoni. La tatu lilikuwa Series III fupi, ya inchi 88, ambalo lilikuwa limebaki milango miwili, madigadi, uso wa mbele na magurudumu manne. Nusura ninunue na ngoma zake za breki, kwa kuwa zilikuwa nzuri mno. Mjomba akanipa tepu nipime. Ngoma za gari fupi zilikuwa na kipenyo cha inchi 10, na za gari refu ni inchi 11.

Kuunganisha chasisi kulichukua sehemu kubwa ya Juni. Kabla ya kukata, Mjomba alichomelea vyuma vya pembe kutoka upande mmoja hadi mwingine ili fremu isije ikajikunja, na tangi la petroli, ambalo katika pikapu hizi hukaa chini ya kiti, tuliliweka mbali kabisa na cheche. Tulikata nyuma ya chumba cha dereva, si kwa mstari wima bali kwa mshazari, ili kiungo kiwe kirefu. Ndani tukaingiza kipande cha chuma kikavuka kiungo pande zote mbili, kisha tukachomelea kidogo kidogo, kulia, kushoto, juu, chini, tukiacha chuma kipoe. Joto likikaa upande mmoja huvuta fremu. Kila jioni tulipima kwa tepu kutoka kona hadi kona, mara mbili, kama msalaba. Katika mstatili mistari hiyo miwili hulingana. Hili nilijifunza Kidato cha I nikadhani ni la mtihani tu. Siku ya kwanza tofauti ilikuwa milimita 11. Mjomba akakata upya. Mwisho tulibaki na milimita 2, akasema hata kiwandani wangenyamaza.

Juu ya injini sitasema mengi, ingawa ndiyo wengi huniuliza. Injini ya petroli ya gari lililopinduka ilikuwa na ujazo ule ule wa sentimeta za ujazo 2,286 kama ya Babu, nayo yaingia mahali pale pale. Tuliichukua pamoja na klachi na giaboksi yake, maana Series III ina giaboksi ya namna nyingine, na silinda ndogo ya klachi imefungwa mahali pengine. Ukichanganya nusu ya huyu na nusu ya yule utajuta. Tulichongesha vali, tukabadili gasketi, na bomba la klachi tukalipitisha njia mpya. Siku ya kuwasha ilipiga chafya na kutoa moto kwenye kabureta mara mbili, kwa sababu nilikuwa nimepanga nyaya za plagi 1-2-3-4 kama mtoto anayehesabu. Mpangilio wa injini hii ni 1-3-4-2. Mara ya tatu ikanguruma, na kuku wote wakahama moja kwa moja.

Jambo moja la umeme nalo lataka kuangaliwa. Gari la mwaka 1965 lilikuwa na dinamo, na ncha ya betri iliyofungwa kwenye bodi ilikuwa ya chanya. Gari la mwaka 1976 lina alteneta, na ncha inayofungwa kwenye bodi ni ya hasi. Sisi tulikuwa tunaweka alteneta ya huyu katika mwili wa yule. Ukiunganisha betri kwa desturi ya zamani, daiodi za ndani ya alteneta huungua mara moja, wala hupewi nafasi ya kuomba radhi. Tukageuza betri, tukageuza nyaya za koili na za saa ya ampea, na Mjomba akaandika kwa rangi nyekundu karibu na betri: HASI KWENYE BODI. Aliandika kubwa kwa sababu Babu huwa haamini mambo mapya.

Basi Desemba ikafika, bodi ikarudi juu. Kila palipokutana alumini na chuma tuliweka kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli na rangi nzito. Madigadi mapya yana taa pembeni, hali pikapu ya Babu ilikuwa na taa zilizokaribiana katikati ya uso, kwa hiyo sasa mbele ni kijana na nyuma ni mzee. Bibi alisema limekuwa kama mtu aliyeweka meno ya bandia. Rangi ni ile ile ya kijani.

Sasa nifike kwenye breki. Tarehe 27 Desemba Mjomba alinipa kazi ya kufunga mabomba ya breki za nyuma peke yangu, akasema mbele ya vijana wengine wa gereji kwamba mkono wangu umekomaa. Juu ya ekseli ya nyuma pana kiungo cha shaba cha njia tatu, mfano wa herufi T, kinachogawa mafuta kwenda kulia na kushoto. Kile cha asili kilikuwa kimechakaa. Nikatafuta katika mkebe wa vitu vidogo nikapata kingine kilichofanana nacho kama pacha, kilichotoka katika pikapu ya Kijapani. Nati mbili zikaingia vizuri. Ya tatu ilipofika mwisho nilihisi ikizunguka kidogo kuliko inavyopasa, kisha ikashika. Nilisita. Lakini jua lilikuwa linazama, nami nilikuwa nimesifiwa. Nikafuta mikono.

Sababu yake nilikuja kuielewa baadaye. Nati za breki za Land Rover hii zimekatwa uzi wa inchi: upana ni inchi 3/8, yaani milimita 9.525, na nyuzi 24 kwa kila inchi. Kiungo kile cha Kijapani kilikatwa uzi wa milimita: upana 10, na milimita 1 kutoka uzi hadi uzi. Tofauti ni chini ya nusu ya milimita. Jicho halioni, na spana haisemi. Nati huingia, huonekana imekaza, lakini imeshika kwa ncha za nyuzi tu.

Tulitoa hewa katika mabomba, tukianza na gurudumu lililo mbali zaidi, kama inavyotakiwa. Mjomba akakanyaga pedeli, ikawa ngumu. Akaridhika. Lakini kukanyaga gari likiwa limesimama si sawa na kukanyaga kwa hofu mtelemkoni. Tena katika Land Rover za wakati huo mafuta ya breki hupita katika njia moja tu kwa magurudumu yote manne. Kwa kanuni ya Pascal, ambayo naijua kwa moyo na hata nimepewa alama kwayo, nguvu ya mguu huenea sawa katika mafuta yote. Basi yakivuja mahali pamoja, magurudumu yote manne hupotewa na breki kwa pamoja. Breki ya mkono nayo hushika mhimili unaotoka nyuma ya giaboksi, nayo ni ya kuzuia gari lililokwisha simama.

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi Babu alikuwa amevaa koti na kofia, amekwisha kukaa kwenye kiti cha kushoto, maana ilikuwa tumshushe hadi sokoni. Mjomba alikuwa na ufunguo mkononi. Wajomba wakubwa walisimama barazani wakitazama, na nilijua ya kuwa nikisema neno, siku tatu zilizobaki huenda zisitoshe.

Nikasema, "Mjomba, kuna nati moja siiamini."

"Ipi?"

"Ya nyuma, kwenye kiungo. Ilizunguka."

"Ilizunguka lini?"

"Jana."

Babu akafungua mlango akashuka polepole, hakusema kitu. Mjomba akaniamuru nilale chini ya gari nitazame kiungo, naye akapanda akakanyaga pedeli mara moja kwa uzito wake wote. Hakuna kilichotokea. Akakanyaga mara ya pili. Nati ikachomoka kwa mlio mdogo kama wa kizibo cha soda, na mafuta ya breki yakanijaa shavuni. Nashukuru hayakuingia machoni. Nilipotoka Mjomba aliniuliza, "Mtelemko wa kwenda sokoni una kona ngapi?" Nikamjibu saba. Hakuniuliza neno lingine mpaka mchana.

Kiungo chenye uzi wa inchi hakikupatikana Tukuyu. Mjomba alikwenda Mbeya kwa basi tarehe 29 akarudi mikono mitupu, akaenda tena tarehe 30 akakipata kwa fundi mmoja mzee, pamoja na nati mpya tatu. Tulifunga usiku kwa taa ya simu. Mara hii alinikabidhi mimi nifunge tena, naye akasimama nyuma yangu, na kila nati niliizungusha kwa vidole hadi mwisho kabla ya kugusa spana. Kisha watu wawili wazito walikanyaga pedeli kwa zamu, nami nikiwa chini na karatasi nyeupe chini ya kila kiungo. Karatasi zikabaki kavu.

Tarehe 31 Desemba, saa nne asubuhi, pikapu ilitoka uani. Mjomba ndiye aliyeendesha. Mimi sijafikia umri wa leseni, nikakaa nyuma juu ya tairi la akiba. Kabla ya kupanda, Babu aliinama mbele upande wa kulia, akapitisha kidole gumba juu ya namba ya chasisi akiisoma tarakimu moja moja kwa sauti, akilinganisha na kadi aliyoishika mkono mwingine. Tulizunguka kijiji tu siku hiyo. Mwezi wa Januari mkaguzi wa magari wa polisi alilikagua, na habari za injini mpya zikapelekwa Mamlaka ya Mapato ili kadi irekebishwe. Sasa linabeba magunia manane ya viazi kila Jumamosi, nalo hushuka kona zile saba kwa gia ya pili.

Kile kiungo cha Kijapani Mjomba amekitundika kwa waya ukutani pa gereji, juu ya meza ya kazi, wala hajaeleza mtu yeyote ni cha nini.

Limebaki jambo moja. Mlango wa kushoto hauna kioo cha nyuma, kile kidogo kinachosukumwa, na mvua humwingia Babu begani. Mzazi au mwalimu yeyote ajuaye kilipo kioo cha mlango wa Series II au Series III, chenye karatasi zake, tafadhali ampashe habari Bwana Mhariri, naye ataniarifu.